Mpwa Wangu Aliniumbua kwa Bata Bukini

Msomaji wangu, leo naungama. Novemba mwaka 2019 nilikuwa kwa dada yangu huko Rochester, jimbo la Minnesota, Marekani. Baridi yake usiombe! Burudani yetu ilikuwa kwenda Silver Lake kutazama bata bukini wa Kanada, wale wenye shingo nyeusi na doa jeupe shavuni. Walijazana ukingoni kama abiria wa daladala saa ya kutoka kazini.

Basi siku moja mpwa wangu, kijana wa miaka tisa, akanivuta koti. "Mjomba, yule si mwenzao."

Nikatazama. Shingo nyeusi, doa jeupe, yote sawa ila kimo tu. Nikamjibu kwa mkato, "Kifaranga huyo."

Jioni mezani, mbele ya wageni, akarudia maneno yake. Nikamkatiza: "Huyu naye, kila kidogo kwake ajabu!" Watu wakacheka. Mtoto akaacha chakula, akaenda kulala.

Dada hakucheka. Wageni walipoondoka akaniuliza, "Kaka, kifaranga Novemba? Hawa huanguliwa baridi ikiisha. Saa hizi wote wameshalingana na wazazi wao."

Usingizi ukaniruka. Alfajiri nikamwamsha kijana, tukarudi ziwani na darubini. Akanionyesha mwenyewe: mdomo mfupi kama umekatwa, paji limesimama wima, shingo fupi, na mwili uliozidi kidogo tu ule wa bata mwitu wa pale ziwani. Kumbe ni ndege wa aina nyingine kabisa! Wataalamu wa Marekani wenyewe walimtenganisha na bata bukini wa Kanada mwaka 2004 tu. Kabla ya hapo waliwahesabu aina moja.

Dada akanipoza kwa kisa kingine. Ziwa lile lile liliwahi kuwashangaza wakubwa kuliko mimi. Mwaka 1962 mtaalamu Harold Hanson na wenzake waliwapima bata bukini wa pale, uzito ukawashinda kuamini. Wakadhani mizani mbovu, kama tunavyoshuku za magengeni kwetu! Wakaijaribu kwa unga na sukari ya dukani, mizani nzima. Kumbe walikuwa wameshika bata bukini wakubwa kabisa, waliodhaniwa wametoweka duniani. Wenyeji walikuwa wakiwaona miaka yote, wakawapita tu.

Jumapili wageni wale wale wakarudi. Nikasimama mezani, koo limenibana. "Mjomba wako nilikosa. Ulisema kweli, nisamehe."

Maana nilimchekesha mbele za watu; nisingeweza kumwomba radhi chumbani.

Kijana akatafuna kwanza, akameza. "Haya, mjomba. Lakini kesho darubini naanza mimi."