Dari Letu na Ua wa Jirani

Nyumba tunayoishi katika Mji wa Kale wa Mombasa tumeirithi kwa babu yetu. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Ghorofa yake imebebwa na boriti za mikoko. Na juu kabisa, chini ya paa la mabati, mna dari. Kwa miaka mingi dari hilo lilikuwa ghala la vitu ambavyo hatukuwa na haja navyo wala moyo wa kuvitupa: masanduku, masufuria ya harusi, kitanda cha besera kilichovunjika mguu. Joto lake la mchana lilikuwa la tanuu, na hakuna aliyepanda huko ila kwa dharura.

Binti yetu mkubwa alipoposwa, tulikaa kitako tukashauriana. Desturi ya mji wetu ni kuwa mzazi mwenye uwezo humtengea binti mahali karibu na wazee wake. Wako waliotushauri tununue kiwanja bara. Tulikwenda, tukatazama, tukarudi na fikira nyingine. Kila nyumba mpya hutaka mchanga mpya, mawe mapya na miti mipya, na hutaka ardhi iliyokuwa na minazi na miembe. Ilhali juu ya vichwa vyetu palikuwa na chumba kizima kilicholala.

Fundi wa kwanza alitaka boriti zing'olewe, imwagwe zege, ziinuliwe kuta za matofali ya saruji, kisha watiwe vijana kiyoyozi. Tuliridhika naye kwa siku mbili. Siku ya tatu tukamwita fundi mzee wa mtaani. Hakusema neno kwanza. Alizigonga boriti moja moja kwa mpini wa nyundo, akisikiliza, akatuonyesha mbili zilizooza vichwani, mahali zinapoingia ukutani.

"Wanangu," akasema, "nyumba hii ni mtu mzima. Msimtwishe mzigo wa kijana."

Akatueleza kwamba jiwe la matumbawe hunywa unyevu na chumvi, na chokaa huuacha unyevu huo utoke taratibu. Saruji huufungia ndani, na chumvi ikikosa njia huula ukuta kutoka tumboni. Tukakumbuka ukuta wa ukumbini ambao sisi wenyewe tuliupiga plasta ya saruji, nao kila baada ya masika humwaga makapi. Hatukuwa na la kumjibu.

Basi kazi ikawa nyepesi. Boriti mbili za badala hatukutaka zikatwe upya. Mikoko ndiyo malezi ya samaki na kamba wetu, na serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma mwaka 2018, wengi wetu tulitambua jinsi tulivyozoea kuitegemea bila kuihesabu. Tulizipata kutoka nyumba iliyobomolewa, kuukuu lakini nzima. Miti ya kushikia dari jipya ilikuwa mivinje, ambayo hupandwa mashambani na kuvunwa baada ya miaka michache. Mabati ya zamani tuliyarudisha, tukayapaka rangi nyeupe ili yarudishe jua mbinguni, na chini yake tukapigilia mbao, tukiacha nafasi ya hewa katikati. Katika pembetatu za kuta, huku na huku, fundi alitoboa matundu karibu na kilele, kwa kuwa hewa ya moto hupanda na ikipata mlango hutoka yenyewe.

Hatusemi kwamba ya kale yote yalikuwa mema. Chokaa yenyewe hupatikana kwa kuchoma mawe kwa kuni nyingi. Tulijifunza tu kwamba kitu kisichotupwa ni kitu kisichohitaji kutengenezwa tena.

Limebaki dirisha, na hapa tunakiri kosa letu.

Upepo wa kusi ndio unaotupoza kuanzia Aprili hadi karibu na Oktoba, na upande huo wa nyumba hutazama, ng'ambo ya kichochoro, ua wa jirani yetu, mama mjane tuliyemjua tangu utoto. Tulipima, tukachora, tukamwambia fundi atoboe ukuta. Hatukubisha hodi kwa jirani. Siku ya pili akamtuma mjukuu wake na sahani ya vitumbua na ujumbe: "Bibi anawasalimu. Anauliza, akianika nguo, ajifunike buibui uani kwake?"

Tuliona haya. Tulikuwa tumehesabu upepo, jua na maji, tukaisahau haki ya jirani, ambayo dini yetu imeisisitiza mno. Kazi ikasimama. Tukaenda kumwomba radhi, akatukaribisha kahawa, akasema kwamba upepo ni wa Mungu, hawezi kutunyima. Ila sitara ni yake.

Fundi alikuna kichwa siku nzima. Dirisha la vipande vya mbao vilivyolala hupitisha hewa, lakini kwa kawaida vipande hivyo huinama nje ili vimwage mvua, na jicho la aliye ndani huteremka navyo mpaka uani. Akaamua kuvigeuza: ukingo wa nje uwe juu, wa ndani uwe chini. Jicho likapanda. Mvua nayo ingeingia, kwa hiyo tukaurefusha upenu wa paa juu ya dirisha, kwa idhini ya jirani, na chini ya upenu tukatia mfereji wa kupeleka maji kwenye tangi. Paa letu ni kama mita 60 za mraba. Mvua ya milimita 20 huliteremshia lita 1,200, ukitoa kinachopotea. Katika mji ambao maji yake mengi husafirishwa kutoka mbali bara, na mifereji hukauka kwa siku kadhaa, hiyo si neema ndogo. Bomba moja tumelielekeza kwa mama jirani.

Kazi ilipokwisha tulimwomba aje aone. Alipanda ngazi polepole, mkono mmoja ukutani. Akaenda moja kwa moja dirishani. Akasimama, akainama, akachuchumaa, akasogeza jicho mpaka likagusa mbao. Sote tulinyamaza. Upepo ulikuwa ukimpeperusha ncha ya mtandio.

"Naona mbingu tu," akasema.

Kisha akaketi juu ya kitanda cha besera, ambacho mguu wake ulikuwa umeshatengenezwa, akamwita binti yetu aketi kando yake, akamwombea dua.