Macho ya Njano

Studio yangu ya picha hapa Nachingwea hupata wateja wengi msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba minada ikishafanyika na wakulima wakalipwa, watu wanakuja kupiga picha za uchumba, za mahafali, hata za pikipiki mpya. Siku hizi wameongezeka wengine: wazazi wenye watoto wanaoumwa, wanaotaka picha ya kutuma kwenye magrupu ya WhatsApp ya michango. "Mpige aonekane anaumwa," wananiambia. Siwalaumu. Mtu wa Dar es Salaam anayeombwa elfu kumi hamjui mtoto. Anachokiona ni picha tu.

Msimu uliopita alikuja mama mmoja na wanawe wawili: binti wa miaka 9 mwenye selimundu, na kaka yake wa miaka 12. Selimundu, au sikoseli kama tunavyoiita mtaani, mtoto huirithi kwa baba na mama. Chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu, hukwama kwenye mishipa, na mtoto hulia mifupa usiku kucha. Chembe hizo huvunjika upesi, na njano inayotokana nazo hukaa machoni. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka Tanzania.

Kwa miaka mingi walichopewa ni dawa za kupunguza makali na damu ya kuongezewa. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza watoto wa selimundu uloto, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Uloto wa kaka au dada ndio unaotafutwa kwanza. Kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, nafasi ya vipimo kulingana kabisa ni 1 kati ya 4.

Katika nchi nyingine anayehitaji kiungo huandikwa kwenye orodha, akangoja simu ilie. Kwetu hata figo, ambazo Muhimbili ilianza kupandikiza Novemba 2017, hutolewa na ndugu aliye hai. Anayesubiri na anayesubiriwa wanakula sahani moja. Wale wawili walikaa kwenye benchi langu wakigombania soda, na majibu ya vipimo yalikuwa bado.

Mama alitaka binti alale kwenye kanga, shingo upande, macho yaonekane vizuri. Binti akanivuta shati.

"Anko, hiyo njano unaweza kuitoa?"

Naweza. Kwenye kompyuta ni kazi ya dakika mbili.

"Ukiitoa, kaka yangu, nani atachanga?" mama akauliza. Alikuwa ameshapiga hesabu: nauli ya kwenda Dar es Salaam, kisha Dodoma, pa kulala, chakula cha miezi ambayo mtoto aliyepandikizwa lazima akae karibu na hospitali, na shamba litakalobaki bila mtu wa kulipalilia. Sikuwa na jibu la hesabu hiyo.

Najua Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalinda faragha ya mtoto. Lakini mtoto mwenyewe alikuwa amesimama mbele yangu, nikamuuliza kwa nini hataki njano. Akasema grupu la michango lina wazazi wa wanafunzi wenzake, na picha itafika shuleni kabla yake.

"Wananiita Yanga," alisema. "Na mimi ni Simba."

Mama yake alicheka mpaka akajifuta machozi. Nadhani hilo jina hakuwahi kulisikia.

Baada ya hapo binti ndiye aliyepanga kazi. Ya grupu, njano ibaki, ila yeye hatalala, atakaa na kaka yake. Ya kwake, macho yawe meupe, na nywele zote zionekane. Alikuwa amesukwa twende kilioni, ingawa mama yake alilipinga jina la msuko. Alishasikia kwamba kabla ya kupandikizwa mtoto hupewa dawa kali za kuua uloto wa zamani, na nywele hunyonyoka. Alitaka ushahidi kwamba aliwahi kuwa nazo.

Picha ya grupu ninayo mpaka leo kwenye kompyuta, sijamwonyesha mtu mwingine. Mtoto amekaa wima, anatazama kamera kama anayesubiri uijibu. Macho yake ni ya njano na hayaombi kitu. Michango iliingia, siwezi kusema imeletwa na picha ile au na jinsi mama alivyowapigia watu simu mmoja mmoja. Tangu hapo, mzazi akija na mtoto mgonjwa, kioo cha kamera namgeuzia mtoto kwanza.

Aliyekuja kuchukua picha zilizosafishwa ni yule kaka. Alizitandaza juu ya meza, akaweka pasipoti yake pembeni ya uso wa mdogo wake, akazitazama kwa muda.

"Anko, si tunafanana?"

"Sura, mnafanana sana," nilimwambia. "Ila vipimo haviangalii sura."

"Najua," akasema. Akazikusanya, ya kwake akaiweka juu ya ya mdogo wake, akazifunga kwa raba.