Unapigana na Mtu Ambaye Hayuko Ulingoni



Leo nataka tuzungumze juu ya mabondia. Najua kuna mtakatifu mmoja tayari ameguna, "Pasta, ndondi tena?" Tulia kidogo. Mtume Paulo mwenyewe alizungumza juu ya ndondi, na tutafika hapo. Tena nina jambo langu la kukiri, kwa hivyo usiniache njiani.

Mwaka wa 1988 nilikuwa na miaka tisa. Baba yangu alikuwa na redio ndogo ambayo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Betri zikianza kuisha alizianika juani juu ya mabati, kisha akazirudisha tuendelee kusikiliza. Katika redio hiyo ndipo tuliposikia kwamba Robert Wangila amemwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali, kule Seoul, na kwamba Kenya imepata dhahabu ya ndondi. Mpaka leo hakuna Mkenya mwingine aliyepata dhahabu ya ndondi katika Olimpiki. Baba hakuwa mtu wa kucheka ovyo, lakini siku hiyo alininyanyua juu mpaka nikaogopa.

Baada ya hapo kijiji chetu kilijaa akina Wangila. Tulivaa soksi mikononi badala ya glavu, tukapigana nyuma ya ghala la mahindi. Shida ilikuwa moja tu: kila mtu alitaka kuwa Wangila, na hakuna aliyekubali kuwa Mfaransa.

Halafu ikaja Julai 1994. Wangila alifariki Las Vegas kutokana na majeraha aliyoyapata katika pambano. Alikuwa na miaka 26. Baba alizima redio, akatoka nje, akakaa chini ya mti bila kusema neno. Mimi nilikuwa kijana wa sekondari, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona baba yangu akimlilia mtu ambaye hakuwahi kukutana naye.

Nimejiuliza mara nyingi: kwa nini watu wanawapenda mabondia wa zamani hivi? Mpira una wachezaji kumi na mmoja. Ukicheza vibaya, unaweza kujificha nyuma ya wenzako. Bondia hana pa kujificha. Amevaa kaptura, yuko peke yake, na kila mtu anaona akipigwa na kila mtu anaona akianguka. Nafikiri ndiyo maana tunawakumbuka. Tunawaangalia tunajiona sisi wenyewe.

Na si washindi tu. Baba alikuwa akimsifu sana Philip Waruinge. Mwaka wa 1968 kule Mexico, Waruinge alirudi na medali ya shaba. Shaba tu! Lakini waamuzi walimpa Kombe la Val Barker, lile la bondia mwenye ufundi bora kuliko wote katika mashindano yote. Waliopata dhahabu walikuwepo, lakini kombe akapewa mtu wa shaba. Mpendwa, kuna watu wameketi kanisani leo wanajiona wa shaba, na Mbinguni kuna hesabu nyingine kabisa. Pokea hiyo, halafu tuendelee.

Katika Olimpiki hiyo hiyo ya Mexico kulikuwa na kijana Mmarekani wa miaka 19, George Foreman, aliyepata dhahabu ya uzani mzito. Huyu ndiye ninayetaka tukae naye leo, kwa sababu maisha yake yamenisema vibaya.

George alikulia katika umaskini mkubwa huko Houston, na alikuwa na hasira. Januari 1973, kule Kingston, Jamaica, alimwangusha bingwa Joe Frazier mara sita katika raundi mbili akachukua taji. Watu walimwogopa. Alikuwa hatabasamu, hasalimii. Alipofika Kinshasa mwaka wa 1974 kupigana na Muhammad Ali, alikuwa amepigana mara 40 na kushinda zote, 37 kati ya hizo kwa nokauti. Alikuwa na miaka 25 na Ali alikuwa na 32. Wengi walihofia kwamba Ali ataumizwa vibaya.

Pambano lilifanyika alfajiri ya tarehe 30 Oktoba. Uwanja mzima ulikuwa wa Ali, ukipaza sauti "Ali boma ye," yaani Ali, muue. Lakini Ali akafanya jambo ambalo hata watu wa kona yake hawakulielewa. Aliegemea kamba, akafunika uso kwa mikono, akamwacha George apige. George akapiga. Akapiga mbavu, akapiga mikono, akapiga hewa. Ali akawa anamnong'oneza, anamchokoza, na kila neno lilimwongezea George hasira, na kila hasira ilimla nguvu. Kufika raundi ya nane mikono ya George ilikuwa mizito kama magunia ya simiti. Hapo Ali akatoka kwenye kamba, akampiga ngumi chache tu, na jitu lile likaenda chini.

Sikiliza vizuri. George alijichosha mwenyewe, na hasira yake ndiyo iliyomaliza nguvu zake.

Na baada ya hapo? Kwa miaka kadhaa George hakukubali kwamba alishindwa. Alisema kamba zililegezwa. Alisema hesabu ya refa ilikuwa ya haraka. Alisema maji yake yalitiwa dawa. Pambano lilikuwa limekwisha, Ali amekwenda zake, na George bado yuko Kinshasa moyoni mwake anarusha ngumi.

Sasa nije kwangu.

Wengi wenu mnaofuata ukurasa huu mnajua kwamba miaka mitatu iliyopita kanisa letu lilipasuka. Mchungaji msaidizi wangu, ndugu niliyemlea katika huduma, nikala naye ugali mmoja kwa miaka tisa, aliondoka na karibu nusu ya vijana na akaanzisha kanisa lake hatua chache kutoka stejini. Sitasema nani alikosa nini. Mungu anajua, na mimi pia nina yangu.

Lakini nitakuambia nilichofanya. Nilihubiri juu ya Absalomu Jumapili nne mfululizo. Mpendwa, kila mtu kanisani alijua Absalomu anakaa mtaa gani. Nikimaliza Absalomu nikaingia kwa Yuda. Washirika walipiga makofi mwanzoni. Baadaye makofi yakapungua. Usiku silali, naangalia simu, nahesabu kwenye picha zao wameketi watu wangapi. Kama viti ni vitupu, nafurahi. Naandika jambo hili kwa aibu: mtumishi wa Mungu alikuwa akifurahia viti vitupu katika nyumba ya Mungu.

Mama watoto alisema nami, nikamwambia haelewi mambo ya huduma. Aliyenipata ni mzee mmoja wa kanisa letu. Ujana wake alipigana ndondi katika kumbi za Nakuru, na pua yake inashuhudia. Jumapili moja baada ya ibada alinifuata ofisini, akafunga mlango, akavua kofia.

"Pasta," akasema, "naomba nikuulize swali la ndondi."

"Uliza, mzee."

"Bondia akibaki ulingoni anarusha ngumi, na mwenzake alishavua glavu akaenda nyumbani kula, huyo tunamwitaje?"

Nikanyamaza.

"Pasta, wewe unachoka. Na yeye hata hayuko ulingoni. Wanaopigwa ni sisi tulioketi kwenye viti."

Akavaa kofia yake akatoka. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Jioni ile nilifungua 1 Wakorintho 9. Nilipokuwa chuo cha Biblia mwalimu wetu alituonyesha kwamba katika mstari wa 26 Paulo anatumia neno la Kigiriki la mabondia hasa, pukteuo. Watu wa Korintho walilielewa mara moja, kwa sababu karibu na mji wao kulikuwa na michezo ya Isthmia kila baada ya miaka miwili, na ndondi ilikuwemo. Paulo anasema yeye hapigani kama mtu anayepiga hewa. Halafu mstari wa 27 anataja anayempiga, na neno lake asili yake ni kumpiga mtu chini ya jicho. Anampiga nani? Anapiga mwili wake mwenyewe, autiishe, asije akawahubiria wengine kisha yeye akakataliwa.

Nilikuwa nimefundisha mistari hiyo mara nyingi. Siku hiyo ikanifundisha mimi. Mtu wa kutiishwa hakuwa kule stejini. Alikuwa ameketi kwenye kiti changu, amevaa suti yangu.

Rudi kwa George. Machi 1977, kule Puerto Rico, alishindwa na Jimmy Young. Katika chumba cha kubadilishia nguo, joto na uchovu vikamzidi, akaona kama anakufa, yuko mahali patupu pasipo na tumaini. Alisimulia mara nyingi kwamba hapo ndipo alipomlilia Mungu, na akatoka mtu mwingine, akilitaja jina la Yesu mbele ya watu waliodhani amechanganyikiwa. Alikuwa na miaka 28. Aliacha ndondi, akaanza kuhubiri kwenye kona za barabara za Houston, akafungua kanisa dogo, akajenga kituo cha vijana. Kwa miaka kumi hakupigana.

Alirudi ulingoni mwaka wa 1987, pesa za kituo cha vijana zilipokuwa zimepungua. Alikuwa mnene, kichwa amenyoa, na watu walicheka. Naye akacheka pamoja nao! Yule aliyekuwa hatabasamu sasa alikuwa anafanya mzaha juu ya tumbo lake. Mwaka wa 1991 alimaliza raundi zote 12 na Evander Holyfield, na katikati ya raundi alikataa kukaa kwenye kiti. Alishindwa kwa pointi, lakini alishindwa akiwa amesimama, na hakutafuta visingizio. Tarehe 5 Novemba 1994, Las Vegas, mji ule ule uliomchukua Wangila wetu miezi michache kabla, George alipanda ulingoni na kaptura nyekundu ile ile ya Kinshasa, miaka 20 baadaye. Michael Moorer alikuwa akiongoza kwa pointi. Raundi ya kumi, mkono wa kulia, Moorer chini. George akaenda kwenye kona yake, akapiga magoti akaomba. Alikuwa na miaka 45, na hakuna aliyewahi kushinda taji la uzani mzito akiwa na umri huo.

Ushindi huo ni mkubwa, lakini haukunifikia kama lile lililotokea Machi 1997. Filamu juu ya pambano la Kinshasa ilishinda tuzo ya Oscar, na wahusika wakaitwa jukwaani. Ali alikuwa tayari ana ugonjwa wa Parkinson, miguu inatetemeka. Mbele yake kulikuwa na ngazi. Aliyemshika mkono akampandisha ngazi ile mbele ya dunia nzima alikuwa George Foreman. Ali alikuwa Mwislamu na George mhubiri, na hilo halikumzuia. Mtu aliyemnyang'anya kila kitu ndiye aliyempandisha juu.

George alilala Machi 2025. Siku habari zilipotoka niliitazama picha ile ya ngazi mpaka simu ikaisha chaji. Nikasema, Bwana, mimi nimekuwa nikiomba yule ndugu ateleze kwenye ngazi.

Niliendelea kuahirisha kwa miezi. Alhamisi iliyopita ndipo nilipompigia. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikatuma ujumbe: "Ndugu yangu, ni mimi. Nimekuzungumza vibaya madhabahuni. Nisamehe." Ilikaa saa tano bila jibu. Usiku akaandika: "Pasta, nami nilikukosea. Tuonane Jumanne."

Jumanne ni kesho. Sijui itakuwaje. Pengine tutakumbatiana, pengine tutakaa kimya tuangalie vikombe vya chai. Washirika hawatarudi, na sitawadai. Ninaandika leo kabla sijajua mwisho, kwa sababu nikisubiri ushuhuda mzuri nitakuwa natafuta tena kupigiwa makofi.

Wewe unayesoma, unarusha ngumi kwa nani? Ni ndugu aliyekula shamba la baba? Mume aliyeondoka? Rafiki aliyekukopa akabadilisha namba? Sisemi hakukukosea. Wala sisemi urudi mahali unapopigwa. Kuondoka kwenye hatari si dhambi. Ninasema tu kwamba mkono wako umechoka, na mwenzako hata hayuko ulingoni. Shuka. Anayekungoja kwenye kona yako ni Yesu, na mikononi mwake kuna alama za misumari. Anajua kusamehe kunagharimu nini.

Omba nami: Bwana Yesu, nimepiga hewa muda mrefu na nimechoka. Namwachilia (mtaje jina). Nipe nguvu ya kumshika mkono kwenye ngazi siku ukinipa nafasi hiyo, na nisitafute sifa kwa kufanya hivyo. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama maombi haya ni yako, andika Amina. Na kesho saa nne asubuhi ukinikumbuka, niombee.

Ubarikiwe.