Sifa Zilizokuwa na Bei

Wanaoikumbuka Buswelu ya Mwanza wakati pamba ilipokuwa ndiyo fedha ya Usukuma wanakumbuka pia maneno mawili yaliyotawala kila ua msimu wa kuchambua: safi na fifi. Pamba nyeupe, kavu, isiyo na majani wala vumbi iliingia gunia lake. Ile iliyotiwa madoa ya manjano na wadudu wa kangambili iliwekwa kando. Karani wa ushirika hakununua "pamba nzuri". Daraja la kwanza lilikuwa na bei yake na la pili bei yake, na neno lililotamkwa mbele ya mzani ndilo lililoamua kama ada ya shule ingepatikana nyumba ile. Naanza na mzani kwa sababu nataka kueleza namna uandishi wetu wa kueleza sifa za vitu ulivyopoa kandokando ya Ziwa Victoria, na sikubali kwamba ulipoa kwa watu kukosa maneno. Kivumishi hufanya kazi pale kinapokataa kitu: ukisema fifi, umeikana safi. Ukisema nzuri, hujakana chochote.

Katika miaka hiyohiyo, ng'ambo ya maji kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alikuwa akiandika kwa Kikerewe hadithi ya Myombekere na Bugonoka. Aliimaliza mwaka 1945, akakosa mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka Tanzania Publishing House mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Wako wasomaji wanaochoka na urefu wake, nami nawaelewa. Lakini Kitereza haridhiki kutuambia kwamba pombe ilikuwa tamu au shamba lilipendeza. Anafuata ndizi mpaka zinapokuwa pombe, anafuata dawa, uwindaji na kilimo hatua kwa hatua, hata mtu asiyewahi kukanyaga Ukerewe anajua kipi kilishikwa kwa mkono upi. Huo ulikuwa ukarimu mkubwa kwa msomaji, na uliandikwa na mtu ambaye kwa miaka thelathini na kitu hakuwa na uhakika wa kusomwa.

Linganisha na maandishi ya leo kuhusu Mwanza. Mandhari ni nzuri ya kuvutia, ziwa ni kubwa, fukwe ni safi, miamba ni ya ajabu. Hamisha sentensi hizo ziende Kigoma, badilisha jina la mji tu, na hakuna atakayegundua. Buswelu nayo, tangu Ilemela ipate halmashauri yake mwaka 2012 na ofisi zake kuwekwa huko, imekuwa "inayokua kwa kasi" katika kila taarifa, kana kwamba kukua kwa Buswelu na kukua kwa Kibaha ni jambo moja. Sehemu ya lawama iko darasani. Mtoto anayepimwa kwa kuchagua herufi ya jibu hapati mazoezi ya kutafuta neno ambalo hakuna aliyemwekea mezani. Na anapoandika insha, hupewa orodha ya sifa za kupamba, azikariri.

Hata hivyo, nje ya karatasi lugha haijapoteza makali yake. Dalali wa Buswelu hasemi kiwanja kizuri. Anasema cha kona, tambarare, kilichopimwa, kisicho na jiwe, kwa kuwa mnunuzi wa Mwanza anajua gharama ya kupasua jiwe kabla ya kuchimba msingi. Kule Mwaloni, Kirumba, dagaa wa chanja si dagaa wa mchanga. Aliyekaushwa juu ya kichanja hana mchanga wa kusagika menoni, na anayewapelekea wateja wa mbali hawezi kuwachanganya hao wawili akabaki na wateja.

Wako watakaosema Kiswahili kina vivumishi vichache vya asili, ndiyo maana tunarudia -zuri na -kubwa. Ni kweli ni vichache, lakini Kiswahili hakikuvitegemea peke yavyo. Tuna -a ya kuunganisha, tuna vitenzi virejeshi, tuna nyeupe pepepe, nyeusi tititi na maji yaliyotulia tuli. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: waandishi wazoefu hutushauri tupunguze sifa, tusiongeze. Nakubaliana nao kwa sifa za mapambo. Lakini mtazame mjusi wa mawe wa Mwanza, ambaye Arthur Loveridge alimpa jina la mji huu mwaka 1923. Mwite mjusi mzuri mwenye rangi za kupendeza, na umemwaga maneno bure. Sema dume lake lina kichwa bapa chekundu na mwili wa buluu, nawe umetumia sifa tatu ambazo hakuna hata moja inayoweza kufutwa bila kumpoteza mjusi mwenyewe. Na kama msomaji wa Mombasa au Muscat hajui chanja, nusu sentensi ya kumweleza kwamba dagaa hawakugusa ardhi inatosha. Hatuna sababu ya kumnyima neno.

Mwalimu wa Buswelu hahitaji kitabu kipya ili kuanza kurekebisha hili, kwa sababu mawe yako nyuma ya darasa. Kila mwanafunzi achague moja, aandike sifa zake, kisha mwenzake alitafute kwa maandishi hayo tu. Atakayeandika "jiwe kubwa la kuvutia" atamzungusha rafiki yake mpaka kengele ilie. Atakayeandika jiwe la kijivu lenye michirizi myeusi ya maji ya mvua atampunguzia kazi, ingawa ya namna hiyo huenda yakawa matano. Atakayeandika lile bapa, lililopasuka ubavuni, ambalo mama wa nyumba ya jirani huanikia udaga wa muhogo, jiwe lake litaonekana, na alama azipate kwa hilo.