Klaksoni niliyonunua Goma

Mimi ni motari. Njia yangu ni Bihambwe na Rubaya, na siku zingine ninashuka na abiria kupitia Mushaki mpaka Sake. Mtu ambaye hajapita kule asubuhi hawezi kujua ukungu ni nini. Saa kumi na mbili unaona tairi yako ya mbele, kitu kingine hapana. Ng'ombe wamesimama barabarani, kamyo inatokea kwenye kona bila taa, na watu wa chukudu wanateremka na magunia ya makala.

Pikipiki ndogo inakuja na klaksoni ya ukubwa wa kifuniko cha kikombe. Inalia kama mtoto wa mbuzi. Siku moja mwaka 2019, nikiwa nimebeba mama mmoja na kuku zake, kamyo ilitusukuma mpaka ukingoni, kidogo tu tuingie bondeni. Nilikuwa ninapiga klaksoni wakati wote. Shofa hakusikia hata kidogo. Tuliposimama, yule mama akapanguza uso, akaniambia: «Mutoto wangu, tafuta kitu yenye kusikilika, ao utatuua.»

Kwa hiyo sikutafuta kelele kwa sababu ya kiburi. Kiburi kilikuja nyuma.

Nilishuka Goma, nikaenda Birere, nikanunua klaksoni mbili zenye umbo la konokono, zile za gari. Moja ina sauti nene, ingine nyembamba, na zikilia pamoja mtu anafikiri ni kamyo kubwa. Hili neno klaksoni, wengi wanadhani ni la Wabelgiji. Hapana. Ni jina la biashara la Kimarekani, Klaxon, lililoanza kuuzwa mwaka 1908. Aliyevumbua ile honi ya kwanza ni Miller Reese Hutchison, na huyo huyo mbele yake alikuwa ametengeneza chombo cha umeme cha kuwasaidia viziwi kusikia. Mtu mmoja, kazi mbili! Mimi nilipojua jambo hilo nilicheka sana.

Sasa niwaelezee kosa, maana vijana wengi wanalifanya mpaka leo. Ndani ya klaksoni za siku hizi kuna bati jembamba na waya iliyozungushwa. Umeme ukipita, waya inakuwa sumaku na kuvuta bati. Bati likivutwa, umeme unakatika, bati linarudi, umeme unapita tena. Inakuwa hivyo mamia ya mara kwa sekunde moja, na huo mtikisiko ndio sauti. Klaksoni ya mbuzi inakula amperi mbili ao tatu. Zile konokono mbili pamoja zinakula karibu amperi 10. Kwa batri ya volti 12, hiyo ni wati 120, kupita taa ya mbele mara nyingi.

Fundi alizifunga kwenye waya ya zamani. Mara ya kwanza tu, fizibu ikaungua. Akaweka ingine, ikaungua. Akaniuliza: «Unataka ilie ao haitaki?» Nikasema ninataka. Basi akatoa waya kwenye batri moja kwa moja mpaka kwenye kibonyezo cha mkono, bila fizibu, bila kupita kwenye ufunguo. Ikalia! Watu wa soko waligeuka wote. Nilimlipa, nikaondoka kama mfalme.

Ilikuwa siku ya kumi na moja. Nilirudi toka Rubaya saa mbili ya usiku, nikawaona wenzangu wamekaa mbele ya duka. Nikawasalimu kwa klaksoni. Nikaondoa kidole, na sauti haikukoma.

Kile kibonyezo kilitengenezwa kwa umeme mdogo. Chuma zake za ndani ziliyeyuka, zikashikana. Nilizima ufunguo: inalia. Nilipigapiga kibonyezo: inalia. Batri iko chini ya kiti, na kiti kinafungwa na bolti, na ufunguo wa bolti niliuacha nyumbani. Wenzangu mwanzoni walicheka.

Lakini nyuma ya lile duka, kwenye mteremko, kulikuwa vibanda vya familia zilizokimbia vita katika vijiji vingine. Kwa watu hao, kelele ya usiku isiyokoma ina maana moja tu. Tulianza kusikia milango, kisha majina ya watoto yakiitwa, kisha miguu. Hawakuuliza. Walibeba godoro na sufuria, wakapanda mlima gizani. Mtu mmoja akaleta panga, akakata waya. Plastiki yake ilikuwa imeyeyuka, ilimchoma vidole. Zilikuwa zimepita dakika tano hivi.

Dakika tano zilitosha. Mtoto wa kike wa miaka sita alipotezana na mama yake. Nilitembea na tochi ya simu usiku mzima pamoja na baba wawili na huyo mama, tukiita kwa sauti ya chini, maana tuliogopa kukimbiza watu tena. Mama hakunitukana hata mara moja. Afadhali angenitukana. Mtoto tulimpata kumekucha, kwenye zizi la ng'ombe, amelala katikati ya ndama. Mzee mwenye ng'ombe alikuwa amemfunika koti lake.

Wengine walinishauri nitupe zile konokono. Sikuzitupa, na sioni aibu kusema hivyo, maana kamyo za Mushaki bado ziko. Nilitafuta fundi mwingine. Yeye aliweka rele: kibonyezo kinapitisha umeme kidogo tu wa kuiamsha rele, na rele ndiyo inafungua njia ya umeme mkubwa kwa waya nene, yenye fizibu yake karibu na batri, na ufunguo ukizimwa vyote vinakufa. Kisha akarudisha ile ya mbuzi kwenye kibonyezo chake. Konokono zina swichi yao peke yake, na kabla ya kuigusa lazima nifikiri.

Kuna kitu kingine nilichojifunza toka kwa mzee wa chukudu. Niliwahi kumpigia nyuma yake akiteremka na magunia, akanisimamisha chini ya mlima: «Mutoto, breki yangu ni kipande ya mpira yenye ninakanyaga na muguu. Ukilia vile, niende wapi?» Ni kweli. Kwa kilometa 40 kwa saa mimi ninapita metre 11 kila sekunde, na klaksoni haipunguzi hata moja. Hata mapatano ya barabara ya Vienna ya mwaka 1968, ambayo nchi yetu, zamani ikiitwa Zaïre, iliyakubali mwaka 1977, yanasema honi ipigwe kwa kuzuia ajali, ao nje ya miji kwa kumjulisha unayetaka kumpita, na sauti isirefushwe bila lazima. Kusalimu wenzako mbele ya duka hakumo.

Yule mtoto alikua. Kila mara nilipopita mbele ya vibanda vyao nilipunguza mwendo, nikapiga ile ndogo mara moja. Yeye alisimama juu ya jiwe na kunijibu kwa sauti ya mbuzi, na wadogo zake wakafuata.