Jino halitoki bila sababu



Wengi wetu tunafika kwa munganga wa meno tukiwa tumekwisha kuamua. Siku tatu tumeweka karafuu kwenye jino, usingizi umekataa, na tukifika tunasema neno moja tu: «Ng'oa.» Tena tulikua tukisikia kwamba kila mimba inachukua jino moja la mama, basi pengo tunaliona kama sehemu ya uzazi. Sivyo. Mtoto tumboni hali meno ya mama yake. Mimba inafanya ufizi uvimbe na kutoa damu upesi, na kutapika kunaleta asidi inayochakaza meno. Hayo yanaweza kutunzwa. Si deni la kulipa kwa jino.

Mwezi uliopita mmoja wetu aliomba zamu yake ya likelemba ije mbele. Kijana wake wa miaka 7 alikuwa analia juu ya gego la chini, nyuma kabisa. Jirani alimwambia: «Litolewe tu, ni jino la utoto, lingine litaota.» Tulimpa zamu, na wawili kati yetu tukamsindikiza. Munganga alihesabu meno mbele yetu. Meno ya utoto ni 20, na lile gego halikuwa kati yake. Ni gego la ukubwa: linaota kwenye miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kutoka kwanza. Ndiyo sababu mama hajui kama limefika. Likitoka, hakuna lingine. Tundu lilikuwa halijafika ndani kwenye mshipa, basi lilisafishwa na kuzibwa. Bei ilipita ile ya kung'oa, tukachanga kilichobaki. Leo anatafuna mahindi upande ule.

Hatusemi kwamba kung'oa ni kubaya. Sababu za kweli ziko:

– Jino limeoza ao limevunjika mpaka chini ya ufizi, hakuna tena pa kuziba.
– Usaha umekaa kwenye mzizi, na kutibu mzizi kumeshindikana.
– Ugonjwa wa ufizi umekula mfupa, jino linacheza.
– Mzizi umepasuka.
– Gego la mwisho limekosa nafasi, linasukuma jirani yake ao linavimbisha ufizi kila mara.
– Jino la utoto limekataa kutoka, na la ukubwa limekwisha kutokea nyuma yake.

Umaskini nao ni sababu, tusifichane. Jino ambalo lingezibwa linang'olewa kwa kuwa kung'oa ni bei ndogo. Lakini pengo nalo lina bei yake: meno ya kando yanainama kuelekea pale, la upande wa pili linasogea, na kutafuna kunabaki upande mmoja. Kwa hiyo, mbele ya kufungua kinywa, tuulize bila haya: Jino hili ni la utoto ao la ukubwa? Linaweza kuzibwa? Tukingoja, nini kitatokea? Munganga mzuri hakasiriki akiulizwa.

Ila kuna siku ya kutongoja. Shavu likivimba mpaka shingoni, homa ikipanda, mtu akishindwa kumeza, kupumua ao kufungua kinywa, tusingojee zamu ya likelemba. Aende hospitali siku ile ile.

Jumamosi hii, kila mama mwenye mtoto wa miaka 6 ao 7 amsimamishe kwenye mwanga, afungue kinywa. Hesabu kutoka katikati kwenda nyuma: moja, mbili, mpaka tano. Ukikuta la sita, ndilo lile lisilo na lingine. Mswaki ufike pale kila usiku.