Ami Yangu na Ndege Zilizong'olewa Bunduki

Marehemu ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na hadithi moja tu ya vita. Katika Vita Vikuu vya Pili alikuwa kijana muosha ndege katika uwanja wa Port Reitz, Mombasa, na mapenzi ya mashine hayakumtoka tena. Alipohamia Dubai alikuwa akituhadithia kwamba vita vilipokwisha Wamarekani waliziuza ndege zao kwa bei ya kutupa, wenye hamu wakazing'oa bunduki na kuzishindanisha kama ngalawa siku ya Idi. Mmoja, alisema, aliihamisha rejeta kutoka tumboni mwa ndege hadi kwenye ncha za mabawa, na ndege hiyo ikaiangukia nyumba, ikaua mama na mwanawe.

Jioni moja ya mwaka 1983, barazani kwetu Deira, mbele ya wageni kutoka Maskati, nilimtaka ushahidi. Nilikuwa karani kijana, na kwangu jambo lisilo na stakabadhi halikuwapo. "Ami," nilisema, "tumbo la ndege huhamia bawani vipi?" Wageni wakaangua kicheko. Yeye akaimaliza kahawa yake, akageuza kikombe. Hadithi ile hakuisimulia tena mpaka alipofariki.

Mwaka jana mjukuu wangu, anayesomea uhandisi wa ndege, alinipeleka Al Mahatta, Sharjah, uwanja wa mwaka 1932 ambao sasa ni makumbusho. Ipo pale ndege aina ya Anson. Waingereza waliiunda kwa kazi za jeshi, na kwa ndege ya aina hiyo hiyo shirika la Gulf Aviation lilianza kubeba abiria wa Ghuba mwaka 1950. Nikiitazama, nilimkumbuka ami, nikamsimulia kijana kisa chake huku nikitabasamu.

Yeye hakutabasamu. "Babu, hayo yote yalitokea."

Akanieleza habari za Paul Mantz, rubani wa filamu za Hollywood, aliyenunua ndege za kivita zipatazo 475 kwa dola 55,000 mwaka 1946. Kati ya alizobakiza zilikuwamo Mustang za mbio. Washindani wake walining'iniza matangi ya ziada chini ya mabawa, na upepo ukayakamata. Mantz aliondoa bunduki, akatoa matangi yaliyokuwa ndani ya mabawa, akaziba viungo na matundu ya riveti hata bawa lenyewe likawa tangi. Kisha bati la nje likasuguliwa mpaka likateleza. Kwa mafuta hayo aliruka bila kutua kutoka Van Nuys, California, hadi Cleveland, Ohio, kilomita takriban 3,300, kwa muda usiofika saa tano. Alitwaa Tuzo ya Bendix mwaka 1946, 1947 na 1948. (Sisi makarani tungeliandika tu: gari moja, haina silaha.)

Na rejeta? Ndege hiyo ilikuwa Mustang iliyoitwa Beguine. Tundu la hewa la tumboni liliondolewa ili kupunguza ukinzani wa upepo, na rejeta zikatiwa katika vifuko kwenye ncha za mabawa. Septemba 1949, mashindanoni Cleveland, rubani wake Bill Odom alishindwa kuimudu katika kona, ikaangukia nyumba katika mji wa Berea. Alikufa yeye, na mama mmoja, na mtoto wake mdogo.

Nilikaa kwenye benchi chini ya mabawa ya ile Anson. Mjukuu wangu alidhani nimechoka, akaniletea maji.

Wageni wawili wa jioni ile wangali hai, mmoja Maskati, mwengine London. Nimewapigia simu wote wawili nikawaambia kwamba ami alisema kweli. Wa London hakukumbuka kicheko. Wa Maskati alikumbuka. Ikiwa yupo katika jamaa zetu wa Mombasa aliye na picha ya marehemu akiwa Port Reitz, namwomba anitumie. Ninayo moja tu, ya mwaka 1979, naye hakuangalia kamera.